Maneno ya Benchi la Kliniki: Kweli au Si Kweli?

Kwenye benchi la kliniki ya mtoto maneno hayaishi. Mama wa uzazi wa kwanza anafika asubuhi na mapema, khanga begani, kadi mkononi, na kabla jina la mwanawe halijaitwa ameshapokea ushauri wa watu watatu. Mmoja anamwambia asikubali mtoto mwenye mafua achomwe sindano. Mwingine anamweleza kuwa mtoto wa jirani hakui kwa sababu wazazi wake walimbemenda. Wa tatu anamnong'oneza kwamba manesi wa hapa ni wakali, asiwaulize mengi.

Baadhi ya maneno hayo yana ukweli. Mengi hayana, na hayo ndiyo yanayomfikisha mtoto hospitali akiwa amechelewa. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nchini Tanzania, kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 43 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa mwaka 2004/05 ulikuta 112. Kushuka huko kumeletwa na mengi: vyandarua, dawa mseto ya malaria, chanjo, kinga ya VVU kwa watoto wachanga. Lakini sehemu kubwa ya hayo ilimfikia mtoto kupitia mkono wa muuguzi, na mzazi anayeijua kazi ya muuguzi huyo hufaidika naye zaidi. Tuyapime maneno ya benchini, moja baada ya jingine.

1. "Kliniki ni ya kupima uzito na kuchoma sindano tu."
SI KWELI

Mizani na sindano ndivyo vinavyoonekana, lakini mtazame nesi mzoefu akiwa kazini. Mtoto bado anavuliwa nguo, yeye ameshaanza kumsoma: nywele zimefifia rangi? Ngozi imelegea? Anageuka akiitwa? Anashika kidole anachopewa? Mama mwenyewe yukoje, anamtazama mwanawe au macho yako mbali? Uzito ukipatikana, anaweka nukta kwenye chati ya kadi na kuiunganisha na ya mwezi uliopita. Nukta moja haimwambii mengi. Mstari ndio unaosema: unapanda, umelala, au unashuka. Mtoto ambaye mstari wake umelala miezi miwili anaweza kuwa anacheka na kucheza, hana homa wala haharishi, lakini nesi ameshajua kuna jambo. Pengine mama amerudi kazini na mtoto anashinda na uji mwepesi. Pengine nyumbani hakuna amani. Hapo ndipo maswali yanaanza.

Chati hii ilizaliwa Afrika. Dkt. David Morley, Mwingereza, aliibuni alipokuwa akifanya kazi katika kijiji cha Imesi, magharibi mwa Nigeria, mwishoni mwa miaka ya 1950. Madaktari walikuwa wachache mno, hivyo kliniki ya watoto wa chini ya miaka mitano akaikabidhi kwa wauguzi, na kadi akawapa akina mama waitunze wenyewe nyumbani. Tangu mwanzo kliniki hii ni ya watu wawili, muuguzi na mzazi, na shabaha yake ni kuuona ugonjwa kabla haujafika.

2. "Kwa joto hili, mtoto mchanga lazima apewe maji."
SI KWELI

Takribani asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Hata Dar es Salaam mwezi wa pili, jua likiwaka kweli kweli, mtoto anayenyonya kila anapotaka anapata maji yote anayohitaji hadi atimize miezi sita. Kijiko cha maji kinachukua nafasi tumboni, kinaweza kuingiza vijidudu, na kinapunguza hamu ya kunyonya. Mtoto akinyonya kidogo, na maziwa yanapungua. Ndivyo inavyoanza ile "maziwa yangu hayatoshi". Mwaka 2022, asilimia 64 ya watoto wa chini ya miezi sita nchini walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Waliobaki wengi waliongezewa kitu kwa nia njema kabisa.

Ukimwambia nesi maziwa hayatoshi, mwombe akutazame ukinyonyesha. Ataangalia kama mdomo wa mtoto umefunguka vizuri, mdomo wa chini umegeukia nje, kidevu kimegusa titi, na sehemu nyeusi ya titi imeingia kinywani, si chuchu peke yake. Vidonda vingi vya chuchu hupona kwa kurekebisha hapo tu. Tena atakuuliza mtoto anakojoa mara ngapi: akikojoa mara sita au zaidi kwa siku na uzito unapanda, maziwa yanatosha, hata kama analia. Na dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, yasikamuliwe yakamwagwa. Hayo ni kinga ya kwanza ya mtoto.

3. "Mtoto mwenye mafua asichanjwe."
SI KWELI

Mafua, kikohozi kidogo au joto dogo havizuii chanjo. Nesi anaahirisha endapo mtoto anaumwa sana kiasi cha kuhitaji hospitali, na harudii chanjo ambayo dozi yake iliyotangulia ilimletea mzio mkali. Uamuzi huo anaufanya baada ya kumpima mtoto, kwa hiyo usikisie ukiwa nyumbani, mpeleke.

Katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 mtoto hupata sindano mapajani na matone mdomoni. Sindano moja inamkinga na magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B, na bakteria wa Hib wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Nyingine ni ya bakteria wa nimonia. Matone ni ya polio, na katika ziara za mwanzo pia ya rota, kirusi cha kuharisha. Usiku wa siku hiyo mtoto anaweza kupata joto na paja likavimba kidogo. Mwili umeanza kujenga kinga. Chanjo ya kifua kikuu anayochomwa begani baada ya kuzaliwa huleta kijidonda wiki kadhaa baadaye. Kitatoa usaha, kitakauka, kitaacha kovu. Usikipake majivu, mafuta ya taa wala dawa yoyote.

Na aliyechelewa? Haanzi upya. Nesi anaendelea pale alipoishia, kwa hiyo kuchelewa kusiwe sababu ya kutokwenda kabisa.

4. "Mtoto akifika miezi tisa, kliniki imekwisha."
SI KWELI

Hili limewaponza wengi. Chanjo ya kwanza ya surua na rubela hutolewa miezi tisa, na baada ya hapo kadi nyingi huwekwa sandukuni. Lakini ukichanja watoto 100 wakiwa na miezi tisa, takribani 85 ndio wanaopata kinga ya surua. Waliobaki wanaihitaji dozi ya pili, nayo hutolewa miezi 18. Surua inaambukiza kwa kasi kubwa, na watoto wachache wasio na kinga wanatosha kuuwasha mlipuko kijijini.

Kuna mengine. Kuanzia miezi sita hadi miaka mitano mtoto hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, kwa kawaida mwezi Juni na Desemba. Utamwona nesi akikata ncha ya kidonge kwa mkasi na kukikamulia mdomoni mwa mtoto: cha bluu kwa aliye chini ya mwaka, chekundu kwa aliyeuvuka. Akishatimiza mwaka mmoja hupewa pia dawa ya minyoo. Na uzito unaendelea kupimwa, kwa sababu kipindi cha kuachishwa ziwa ndicho mtoto anapoyumba zaidi.

5. "Nesi anaweza kukwambia urudi siku nyingine ilhali chanjo ipo kwenye friji."
KWELI

Akina mama wengi hudhani wamefanyiwa roho mbaya. Sababu iko kwenye kichupa. Chanjo ya surua na rubela, na ile ya kifua kikuu, huja zikiwa unga, kichupa kimoja kikiwa na dozi za watoto wengi. Ikishachanganywa na maji yake maalumu inapaswa kutumika ndani ya saa sita; iliyobaki inatupwa. Ndiyo maana zahanati nyingi ndogo hupanga siku za chanjo hizo ili watoto wakusanyike.

Hata hivyo Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa cha surua kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa kuwa mtoto aliyerudishwa bila chanjo anaweza asirudi tena. Kama umetembea saa mbili kufika, sema. Uliza pia siku za chanjo kabla ya kuondoka, ujipange kwa mwezi ujao.

Na ukimwona nesi anakigeuzageuza kichupa mbele ya mwanga, usikasirike kwamba anachelewesha foleni. Kwenye lebo kuna duara lenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Ukiwa na rangi sawa na duara au umekoza zaidi, haifai kutumika. Chanjo inatakiwa kukaa kwenye baridi kutoka kiwandani hadi kwa mwanao, na hapo kituoni kati ya nyuzi joto 2 na 8; mtu wa mwisho wa kuihakiki ni nesi huyo.

6. "Udumavu ni wa mikoa yenye njaa."
SI KWELI

Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Mikoa iliyoongoza ni Iringa, karibu asilimia 57, ikifuatiwa na Njombe na Rukwa, kila mmoja karibu asilimia 50. Hii ni mikoa inayolisha nchi kwa mahindi. Njombe inauza parachichi nje ya nchi.

Basi chakula kipo, lakini mezani kwa mtoto hakifiki kwa namna anayoihitaji. Uji wa mahindi matupu unashibisha, haujengi. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto anaachiwa dada yake wa miaka saba, analishwa mara mbili kwa siku. Kuharisha kwa mara kwa mara kunachukua kidogo kilichoingia. Tena mtoto aliyedumaa anaweza kuwa mnene mashavuni, kila mtu akamsifia, kwa hiyo jicho la kawaida halimtambui. Anatambuliwa kwa kipimo cha urefu: aliye chini ya miaka miwili hulazwa kwenye ubao, miguu ikanyooshwa, na urefu ukasomwa kulingana na umri. Kama kituo chako kinapima uzito tu, uliza lini urefu utapimwa.

Nesi hatakwambia ununue chakula cha dukani. Atakuuliza una nini nyumbani, kisha atakuonyesha namna ya kukichanganya: uji utiwe karanga zilizosagwa au dagaa waliotwangwa, wali uje na maharage na mchicha wenye mafuta kidogo, yai likipatikana, parachichi lipondwe. Kuanzia miezi sita mtoto ale mara mbili hadi tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa mara tatu hadi nne, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Siku 1,000, kuanzia mimba inapotungwa hadi mtoto atimize miaka miwili, ndizo za kuuzuia udumavu. Zikishapita, urefu na ukuaji wa ubongo uliopotea ni vigumu mno kurudi.

7. "Mtoto huyu amebemendwa."
SI KWELI

Mtoto amekonda, anaharisha, umri wa kutembea umefika na hatembei. Mtaani jibu liko tayari: wazazi walikutana kimwili wakati mama ananyonyesha, au mmoja wao alitoka nje ya ndoa, na mtoto akaharibika. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mbegu za mwanamume haziingii kwenye titi. Mtoto wa namna hii ana utapiamlo, au ana ugonjwa nyuma yake kama kifua kikuu au VVU, na vyote hivyo vina matibabu.

Ubaya wa neno hili ni kwamba linamshtaki mama. Anaona aibu kumpeleka mtoto kliniki, kwa kuwa kumpeleka ni kama kukiri kosa mbele za watu, na mtoto anafichwa ndani hadi miguu inavimba. Wengine humwachisha mtoto ziwa ghafla, wakamnyima chakula bora kuliko vyote alivyokuwa akivipata.

Muuguzi hamwulizi mama aliyoyafanya chumbani. Anazungushia mkono wa mtoto utepe wenye rangi tatu, katikati ya bega na kiwiko. Chini ya sentimita 11.5 utepe unasoma nyekundu: utapiamlo mkali. Kisha anabonyeza kwa kidole gumba sehemu ya juu ya nyayo zote mbili kwa sekunde chache. Shimo likibaki, mtoto ana uvimbe wa kwashakoo na lazima atibiwe mara moja. Mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine huweza kutibiwa akiwa nyumbani kwa chakula dawa. Mwenye matatizo zaidi hulazwa.

Wazee wetu waliona jambo la kweli, kwamba mimba inayokuja haraka humwumiza mtoto aliyeko mgongoni. Jibu la hilo ni uzazi wa mpango, na nesi huyo huyo wa kliniki ya mtoto anao. Muulize.

8. "Mtoto anaharisha na ana homa, ameota meno ya plastiki."
SI KWELI

Hakuna meno ya plastiki. Vile vivimbe vyeupe kwenye fizi za mtoto mchanga ni meno yake ya kweli ambayo hayajachomoza. Wanaojiita mafundi huyang'oa kwa wembe, msumari au spoku ya baiskeli, bila ganzi. Mtoto hutokwa na damu nyingi, hupata maambukizi, na wengine hukua bila meno yale ya kudumu kwa kuwa chanzo chake kilichimbwa. Wakati huo kuharisha kwenyewe hakujaguswa. Vivyo hivyo kwa kukata kimeo: kikohozi hakitoki kwenye kile kinyama cha koo, na kukikata kumewaletea watoto damu isiyokatika na pepopunda.

Kinachomwua mtoto anayeharisha ni kuishiwa maji na chumvi. Nesi atabana ngozi ya tumbo kwa vidole na kuiachia: ikichelewa kurudi, maji yamepungua. Atakupa pakiti za ORS na kukufundisha kuchanganya pakiti ya lita moja na lita moja kamili ya maji safi na salama, si kikombe, si "kwa kukadiria", na kumwaga yaliyobaki baada ya saa 24. Atakupa na vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Usiache zinki kuharisha kunapokoma. Dozi kamili inapunguza uwezekano wa kuharisha tena katika miezi inayofuata.

9. "Mwenye degedege akichomwa sindano anakufa."
SI KWELI

Watoto waliofariki baada ya sindano walifikishwa wakiwa wamechelewa. Wengine walikuwa wamefukizwa moshi wa kinyesi cha tembo au kuogeshwa dawa za mitishamba kwa siku nzima, huku malaria kali ikipanda kichwani. Sindano ya artesuneti ndiyo inayookoa.

Mtoto akishikwa na degedege, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimnyweshe kitu, na ondoka naye kwenda kituo cha afya. Kuna ishara nne za hatari ambazo kila nesi wa watoto amefundishwa kuuliza, na kila mzazi azijue: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya; anatapika kila anachopewa; amepata degedege; amelegea sana au amepoteza fahamu. Moja tu inatosha kumkimbiza kituoni, hata usiku wa manane.

Akikohoa, nesi atamfunua kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Kwa mwenye miezi miwili hadi mwaka mmoja, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno; kwa aliyevuka mwaka, 40. Ukiona nesi amenyamaza anatazama kifua cha mwanao na saa yake, usimsemeshe. Anatafuta nimonia.

10. "Mama mwenye VVU asinyonyeshe."
SI KWELI

Mama anayetumia dawa za kufubaza virusi kila siku bila kuacha anashauriwa kunyonyesha: maziwa pekee miezi sita, kisha pamoja na vyakula vingine. Bila dawa yoyote, uwezekano wa mtoto kuambukizwa katika mimba, uzazi na kunyonyesha ni kati ya asilimia 15 na 45. Dawa zikitumika ipasavyo hushuka chini ya 5. Mtoto naye hupewa dawa ya kinga tangu kuzaliwa, na katika wiki ya sita nesi humtoboa kisigino na kudondosha matone ya damu kwenye karatasi maalumu inayopelekwa maabara. Kipimo hurudiwa hadi baada ya kuacha kunyonya. Siri ya mama inabaki kuwa siri yake.

11. "Kliniki ni kazi ya mama."
SI KWELI

Pesa ya dagaa na mayai mara nyingi iko mfukoni mwa baba. Uamuzi wa kumpeleka mtoto hospitali ya rufaa usiku uko kwa baba, na pengine kwa bibi. Nesi anapomweleza mama peke yake, maneno hayo yanafika nyumbani nusu, na mama anatakiwa kuyatetea mbele ya mkwewe. Baba aliyekaa mwenyewe mbele ya chati na kuuona mstari wa mwanawe umelala hahitaji kushawishiwa. Vituo vingi huwahudumia mapema wazazi wanaokuja pamoja. Kama kazi hairuhusu kila mwezi, njoo wiki ya sita, miezi sita na miezi tisa. Na bibi mlezi aje pia. Yeye ndiye anayeshinda na mtoto.

12. "Cheti cha kuzaliwa cha mtoto mdogo kinapatikana kituoni, bila malipo."
KWELI

Katika mikoa iliyofikiwa na mpango wa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, cheti hutolewa kwenye kituo cha tiba kinachotoa huduma ya mama na mtoto au ofisi ya mtendaji wa kata. Nenda na kadi ya kliniki au tangazo la kizazi, na usisubiri hadi mtoto aanze shule.

13. "Manesi wa kliniki ni wakali."
KWELI KWA SEHEMU

Wapo. Kuna mama aliyefokewa mbele ya watu kwa kuchelewa, kwa nguo ya mtoto kuwa chafu, kwa kuzaa haraka haraka. Mama aliyeaibishwa leo hatarudi mwezi ujao, na atakayelipa ni mtoto. Hilo ni kosa la kitaaluma, na mzazi ana haki ya kulipeleka kwa mganga mfawidhi, kwa kamati ya afya ya kituo ambayo ina wawakilishi wa wananchi, au kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Lakini tuseme na upande wa pili. Katika zahanati nyingi za vijijini muuguzi mmoja au wawili wanafanya kliniki ya watoto, kliniki ya wajawazito, wanazalisha, wanafunga vidonda, na jioni wanajaza vitabu vya MTUHA, vya takwimu za huduma, hadi giza linaingia. Siku ya huduma ya mkoba muuguzi anabeba kisanduku cha chanjo kwenye pikipiki hadi kitongoji ambacho hakina zahanati, anapima watoto chini ya mwembe, anarudi usiku. Tukitaka nesi mwenye subira, tudai wauguzi wa kutosha waajiriwe vituoni, na hilo tuwaulize madiwani na wabunge wetu kwa sauti ile ile tunayouliza habari za barabara.

Wewe mzazi, kuna mambo matatu ya kufanya mwezi huu. Sema ukweli: kama mtoto alipewa dawa ya kienyeji, kama chakula hakipo, kama wewe mwenyewe hulali na machozi yanakutoka bila sababu, mwambie, maana hawezi kukusaidia kwa jambo usilomwambia. Uliza kabla ya kuondoka: mstari wa mwanangu unakwendaje, nimlishe nini mwezi huu, ishara gani zikitokea nisisubiri? Kisha tazama tarehe ya kurudi aliyoiandika kwenye kadi, na uende siku hiyo hata kama mtoto haumwi. Kliniki ya mtoto iliwekwa kwa ajili ya mtoto ambaye haumwi, ili asiugue.